Skinki wa porini na mayai yao: ninunue tangi la kioo, maboksi ya plastiki au kibanda cha mbao?

Mjenzi_Moro

Habari za jioni wakuu. Naomba ushauri wa haraka kabla sijatoa hela. Vijana wanaonichimbia msingi wa ukuta wamekuta mijusi chini ya rundo la mawe na magogo yaliyooza, wale laini wenye magamba ya kung'aa. Tumewaweka kwenye ndoo yenye udongo. Kuna na mayai pia, madogo, meupe. Sitaki viumbe hawa wafe kwa sababu ya ukuta wangu, na watoto wangu wanatamani kuona mayai yakianguliwa.

Nimepata vitu vitatu vya kuchagua. Jirani anahama na anauza tangi la samaki la kioo, futi tatu, 70,000. Dukani kuna maboksi ya plastiki yenye mfuniko, yale ya kuwekea nguo, 18,000 kila moja. Seremala naye anasema atanitengenezea kibanda cha mbao chenye wavu juu na kioo mbele kwa 55,000. Kwa upande wa mayai nimeambiwa ninunue mashine ndogo ya kutotolesha vifaranga. Kipi bora? Jirani anataka jibu kesho asubuhi.

NyokaSiAdui

Mkuu, umetupa bei za vyote lakini mnyama mwenyewe hujamweleza. Skinki, yaani mijusi wa magamba laini ya kung'aa kama hao uliowakuta, ni wa aina nyingi na hawaishi kwa namna moja. Uko mji gani? Wako wangapi, wana urefu gani, wana mistari au hawana, miguu ni ya kawaida au mifupi? Mayai ni magumu au ukiyagusa yanabonyea? Yalikuwa ndani ya udongo au yamenata kwenye jiwe? Kubwa zaidi: yaligeuzwa wakati wa kutolewa?

Wakati unajiandaa kujibu, hakikisha hiyo ndoo haipo juani. Ndoo ya plastiki juani inawamaliza mchana mmoja tu.

Fundi Boksi

Chukua maboksi ya plastiki, usihangaike na mengine. Ni mepesi, yanaoshwa kwa maji ya moto na sabuni, unyevu haupotei ovyo, na ukitaka kuwatenganisha unaongeza boksi jingine. Toboa matundu kwa msumari uliopashwa moto, na utoboe ubavuni pande zote mbili, si kwenye mfuniko peke yake, ili hewa ipite. Matundu yawe membamba kuliko kichwa cha mtoto wa mjusi. Tangi la futi tatu ukilijaza udongo hulibebi tena, na siku likipata ufa umepoteza hela yote.

Mama Vifaranga

Mimi natotolesha kuku na kware. Mashine ndogo ni nzuri, ina kipimajoto na inalia joto likizidi. Nunua, ukimaliza mijusi yako unaweka mayai ya kuku, hela yako inarudi. Kuweka mayai kwenye kopo bila mashine ni kubahatisha.

NyokaSiAdui

Mama yangu, kwa heshima zote, hapo hapana. Yai la kuku linakaa kwenye nyuzi 37.5 na mashine inaligeuza mara kwa mara. Yote hayo mawili yanaua yai la mjusi. Ndani ya yai la kuku kuna kamba mbili za ute zinazoshikilia kiini, ndiyo maana linavumilia kugeuzwa, tena linahitaji. Yai la mjusi halina kamba hizo. Siku ya kwanza ya pili tu baada ya kutagwa, kijusi kinajishikiza upande wa juu wa ganda. Ukiligeuza, kijusi kinakwenda chini na kiini kinakielemea. Skinki wadogo wengi wanataka nyuzi 26 hadi 29, na ukifika 32 umeshaingia kwenye hatari.

Mama Vifaranga

Mwanangu, joto linashushwa kwa kitufe na trei ya kugeuzia inatolewa. Sikusema ayapike.

NyokaSiAdui

Sawa mama, joto linashushwa. Lakini mashine inajua kupasha tu, haijui kupoza. Kama chumba chenyewe kina nyuzi 31 mchana, ukiiweka 28 itazima taa na kukaa kimya huku mayai yanapata 31 ileile. Na feni yake inakausha. Ndiyo maana nimeuliza yuko mji gani.

Mjenzi_Moro

Asanteni wakuu, samahani nilikuwa msikitini. Niko Morogoro mjini, upande wa Kihonda. Mijusi ni wa aina mbili. Mmoja ni mkubwa, kahawia, ana mistari miwili ya njano kutoka kichwani hadi kiunoni, anakimbia kwelikweli. Wengine watatu ni wembamba, rangi ya shaba, magamba laini sana, miguu mifupi mno, ukiwafunua wanajinyonganyonga na kuzama udongoni. Kijana mmoja alitaka kuwakata kwa jembe akidhani ni nyoka. Mmoja mkia umekatika.

Mayai ni matano, marefu kidogo, yanabonyea. Yalikuwa kwenye udongo wenye unyevu chini ya gogo. Kuhusu kugeuzwa siwezi kusema, vijana waliyachota wakayaweka kwenye kopo. Ndoo iko barazani, kivulini.

Babu Kenge

Sasa tunaongea. Huyo wa mistari miwili ni Trachylepis striata, yule unayemwona kila siku ukutani na kwenye mapaa ya makuti. Yeye hatagi kabisa, anazaa watoto hai. Kwa hiyo mayai si yake, na hana haja ya kukaa kwenye ndoo yako hata usiku wa leo. Mwachie ukutani hapohapo, atapata pa kujificha. Wanaopenda jua namna ile, ukiwafungia kwenye boksi bila mwale wa jua wa kweli mifupa inalainika baada ya muda.

Hao watatu wenye miguu mifupi kwa maelezo yako ni Mochlus sundevalli. Huyo maisha yake ni kwenye udongo tifutifu, chini ya magogo, mawe na majani yaliyooza, anakula mchwa na wadudu wadogo. Anataga mayai machache yenye ganda laini kwenye udongo wenye unyevu. Mayai yako yanaendana naye. Si ya mjusi kafiri wa ndani ya nyumba, maana yale ni magumu, ya mviringo, mara nyingi mawili mawili kwenye nyufa. Ila siwezi kukuapia kwamba si ya nyoka mdogo. Hilo utalijua yakipasuka, kwa hiyo kopo liwe na mfuniko unaokaza.

Kwa hiyo kati ya vitu vyako vitatu, swali limeshabadilika. Kwa mjusi wa kuchimba, uzuri wa chombo ni kina cha udongo na unyevu wake. Wavu juu na kioo mbele vitamfaidi nini mtu anayeishi chini ya udongo?

Mpwani wa Kisauni

Mimi niko Mombasa na nimefuga kwenye kioo miaka na miaka, nasema nunua tangi. Kioo hakikwaruzwi, sisimizi hawakipandi kirahisi ukipaka mafuta ya mgando ukingoni, na watoto wanaona mashimo yakichimbwa kando ya kioo. Amesema watoto wanataka kuona. Kwenye boksi la plastiki la kuwekea nguo wataona nini? Ukungu mtupu. Unaweka udongo na mchanga nusu kwa nusu, kina cha inchi nne, upande mmoja unaloweka, upande wa pili mkavu, gogo katikati. Mjusi mwenyewe anachagua.

Fundi Boksi

Na jua likigonga hicho kioo saa nne asubuhi? Kioo kinazuia ule mwale unaosaidia mifupa lakini joto kinalifungia ndani. Unapata hasara pande zote.

Mpwani wa Kisauni

Nani kakwambia ukiweke dirishani? Weka ukuta wa ndani.

Kijana wa Iringa

Mkuu Mjenzi, kabla hujafika kwa seremala soma hii yangu mpaka mwisho, imenikaa moyoni hadi leo.

Nilikuwa na skinki wa kahawia waliokuwa wakiishi kwenye rundo la kuni nyumbani. Rundo lilikuwa linauzwa, nikawaokoa kama unavyofanya wewe. Nikaagiza kibanda cha mbao, kizuri, bawaba za shaba, kioo cha kuteleza, wavu juu. Nikamweleza fundi wazi kabisa kwamba ni kwa wanyama, sitaki rangi wala vanishi ndani, na mbao zisiwe zimetiwa dawa. Akasema hana shida, mbao ni mpya kutoka mashambani. Nikakiacha nje siku kadhaa kikapata hewa. Hakikuwa na harufu yoyote. Nikaweka udongo, majani, maji, nikawahamisha.

Mwanzoni walikula. Kisha jike mmoja akaanza kutetemeka miguu ya nyuma. Nikadhani ni kalsiamu, nikaongeza unga wa chokaa kwenye wadudu. Kesho yake anajiviringisha, hawezi kusimama sawa, mdomo wazi. Akafa. Siku hiyohiyo jioni wa pili akaanza. Nikawatoa wote, nikawaweka kwenye beseni lenye karatasi na maji. Waliokuwa wamejichimbia chini karibu na mbao walikufa wote. Aliyebaki hai ni yule aliyekuwa anapenda kukaa juu ya jiwe katikati, mbali na kuta.

Nilipokwenda kwa fundi alikana. Ni kijana wake wa kazi ndiye aliyeniambia pembeni kwamba sakafu ya kibanda ilitengenezwa kwa vipande vya mbao vilivyobaki kwenye kazi ya paa, na mbao za paa zote huwa zinazamishwa kwenye dawa ya mchwa. Udongo nilioulowesha ndio ulioivuta dawa kutoka kwenye mbao na kuwapelekea wao tumboni. Dawa iliyotengenezwa kuua mchwa ardhini, na mimi nimeweka juu yake mnyama anayekula mchwa ardhini.

Jike wa kwanza nilipompasua alikuwa na mayai ndani. Nilikaa nayo mkononi nikashindwa hata kuyatupa.

Kwa hiyo kibanda cha mbao, kwangu mimi, hapana, labda ushuhudie mwenyewe mti unapasuliwa. Hata ukipata mbao safi, mbao na udongo wenye unyevu havikai pamoja, zitaoza.

Mjenzi_Moro

Pole sana ndugu yangu. Seremala nimeshamwondoa kwenye hesabu. Na yule wa mistari nimemwachia ukutani, amepanda hadi chini ya paa, naona kapona.

Tabibu_Mifugo

Naongezea hapo. Sumu ya kwanza ni hiyo ya mbao za kibanda, lakini kuna sumu ya pili ambayo watu huiingiza wenyewe. Mijusi waliotoka porini mara nyingi wana utitiri mwekundu chini ya magamba, kwapani na masikioni. Usichukue dawa ya kuogeshea ng'ombe ukawapaka. Na aivameki (ivermectin), dawa ya minyoo ambayo kila mtu anaisifu kwa mbuzi, inaua kobe na wataalamu wanaonya kuhusu kuwapa skinki. Utitiri unashughulikiwa kwa kuwaweka kwenye boksi la karatasi za tishu, unabadilisha karatasi kila siku, unampa mjusi beseni la maji ya vuguvugu yenye kina kisichofika puani. Utitiri unapungua wenyewe.

Kuhusu kalsiamu: nenda duka la vyakula vya kuku ununue chokaa ya mifugo, usichukue DCP (dikalsiamu fosfeti). Wadudu tayari wana fosforasi nyingi, DCP inaongeza fosforasi juu yake. Pakaza unga kidogo kwenye wadudu mara mbili kwa wiki. Jike aliyetoka kutaga ndiye anayeihitaji zaidi.

Yule aliyekatika mkia mlishe vizuri. Skinki huhifadhi mafuta mkiani, ndiyo akiba yake, na kuota mkia mpya kunamgharimu. Usimshike kwa mkia, usimkimbize, mchote na udongo wake.

Watoto wanawe mikono kwa sabuni kila wakigusa chombo. Mijusi hubeba bakteria wa salmonela bila kuumwa wenyewe. Mwenye mtoto chini ya miaka mitano asimwache acheze nao.

Mkulima wa Kilosa

Na ile habari kwamba huyu wa kung'aa ana sumu, akianguka kwenye maziwa familia nzima inakwenda? Kwetu tunamwogopa kuliko nyoka.

Babu Kenge

Hana sumu. Hana meno ya sumu, hana tezi ya sumu, hana mwiba. Maziwa aliyoangukia mjusi yatakuumiza kwa uchafu tu, kama alivyosema Tabibu. Nasema hili kwa uchungu kwa sababu imani hiyo ndiyo inayowamaliza kwa majembe, na huyu ni mnyama anayekula mchwa shambani kwako bila kukudai senti.

Dada wa Sheria

Kuna swali NyokaSiAdui hakuliuliza. Je, una kibali? Wanyamapori wa Tanzania wako chini ya Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009, na wanaosimamia vibali vya kufuga ni TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori. Kenya nao wana sheria yao ya 2013 na unaanzia KWS, shirika lao la wanyamapori. Simtishi kaka yetu, naona amefanya kwa nia njema, lakini kuokoa mnyama kwenye msingi kwa siku chache ni jambo moja, kumfuga ni jingine. Tena uko Morogoro, SUA (Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo) ni hapo tu, wana idara ya wanyamapori na hospitali ya mifugo. Nenda na picha, uliza.

Mpwani wa Kisauni

Dada, mjusi wa uani naye kibali? Mbona wanaouawa kwa jembe hawaulizwi?

Dada wa Sheria

Swali lako ni la haki kabisa, na jibu lake si kwamba sheria iachwe. Tumeona biashara ilivyofanya.

Babu Kenge

Naomba niseme juu ya hiyo biashara, maana ni ya mkoa huohuo wa Morogoro. Msitu wa Kimboza, chini ya milima ya Uluguru, una mjusi mdogo wa buluu, Lygodactylus williamsi. Dume ni buluu ya kung'aa kabisa. Anaishi kwenye mikadi ya mwituni, msitu wenyewe ni mdogo, na nje ya hapo ana vipande vichache tu vya msitu vya jirani. Watu walikuwa wanakata mikadi ili wamfikie juu, wanamuuza Ulaya na kwingineko kwa wafugaji. Mnyama anapoteza nyumba na ndugu kwa siku moja. Mwaka 2016 mkutano wa CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, kule Johannesburg ukamwingiza Kiambatisho cha Kwanza, biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini ikafungwa. Mwaka huohuo serikali yetu ikazuia usafirishaji wa wanyama hai nje ya nchi. Hata hivyo mikadi iliyokatwa haioti upya kwa tangazo.

Skinki wa Mjenzi si adimu, yuko nchi nzima. Lakini tabia ya kumwona mnyama kama kitu cha kuchota inaanzia hapa.

Mjenzi_Moro

Nimewaelewa wazee wangu. Mpango wangu si kuuza. Watu wazima nitawarudisha msingi ukishajazwa, kuna kona ya uwanja sitaigusa. SUA nitakwenda Jumatatu. Sasa nisaidieni mayai, maana yamo kwenye kopo la siagi na sijui nifanye nini usiku huu. Niyarudishe udongoni au?

NyokaSiAdui

Usiyageuze tena. Yalivyolala sasa hivi ndivyo yabaki. Chukua penseli, si kalamu ya wino, weka alama ndogo juu ya kila moja.

Tafuta kopo la chakula lenye mfuniko. Ndani weka kokopiti, ile wanayouza wenye vitalu vya miche, changanya na mchanga wa mto uliooshwa na kukaangwa ukapoa. Lowesha, kisha fumbata konzi moja: ishikane, ila tone lisidondoke. Likidondoka tone, maji yamezidi. Bonyeza vishimo kwa kidole, lalisha mayai nusu yake ndani, nusu juu, yasigusane. Mfuniko utoboe matundu mawili ya sindano, na ufungue kila baada ya siku chache kuyapa hewa.

Mayai yenye ganda laini yanakunywa maji kutoka kwenye udongo na kuvimba. Usishtuke yakinenepa, ndiyo dalili njema. Yakibonyea yenyewe mapema, bila kuguswa, ujue ni makavu. Njia ya uhakika ya kujua maji yaliyopotea ni mizani ya jikoni: pima kopo lote leo, andika, pima tena kila wiki, uzito uliopungua urudishe kwa maji pembezoni, kamwe usimwagie juu ya yai.

Kopo hilo liweke ndani ya boksi la povu la wauza samaki, pamoja na chupa mbili tatu zilizojaa maji. Chupa zinazuia joto lisipande na kushuka kwa kasi. Kisha boksi liwe sakafuni, chumba chenye ubaridi kuliko vyote. Nunua kipimajoto chenye waya ili usome bila kufungua. Mvua za vuli zimeanza, Morogoro hakuna haja ya taa wala mashine. Shida yenu huko ni joto kuzidi.

Kijana wa Iringa

Huku kwetu Iringa mwezi wa sita na wa saba hiyo haifanyi kazi, usiku ni baridi kali. Sisi tunaweka hita ya tangi la samaki kwenye maji ya boksi, kopo la mayai linakaa juu ya tofali. Naandika kwa wengine watakaosoma.

Fundi Boksi

Na sisimizi! Weka boksi juu ya stuli, miguu ya stuli ndani ya makopo yenye maji. Yai likichanika tu wanafika kabla yako.

Salehe wa Carolina

Salaam kutoka North Carolina. Mnamshauri atenganishe mayai na mama, na mimi naona si sahihi. Huku kuna skinki wa mistari mitano, Plestiodon fasciatus. Jike anataga ndani ya gogo lililooza kisha anajikunja juu ya mayai wiki zote hadi yaanguliwe. Anayalinda, likioza moja analila lisiharibu mengine, likibingirika analirudisha. Nimemwona kwa macho yangu chini ya gogo la uani. Waweke wote boksi moja, Mungu amewapa akili zao.

NyokaSiAdui

Salehe, huyo ni wa Marekani na jenasi nyingine. Usimvike mjusi wa Kihonda tabia za mjusi wa Carolina. Na hao majike wametoka kwenye kishindo cha jembe na ndoo, unajuaje nani ni mama wa mayai? Watachimba na kuyageuza yote.

Salehe wa Carolina

Na wewe unajuaje kwamba huyu wenu hakai na mayai? Yalikutwa chini ya gogo, na wao walikutwa hapohapo.

Babu Kenge

Hoja ya Salehe si ya kutupwa. Ila kwa hali ilivyo, mayai yameshachotwa na kopo. Ningeyatenga.

Mama Vifaranga

Nami nauliza, kwani hayamulikwi? Yai la kuku siku ya saba tunamulika kwa tochi tunajua lipi zima.

NyokaSiAdui

Yanamulikwa mama, hapo umesema kweli. Tochi ndogo isiyo na joto, gizani, bila kuliinua yai, mwanga uguse ubavuni. Ukiona mishipa myekundu, lina uhai. Ukiona njano tupu baada ya wiki kadhaa na ganda limeporomoka, halina.

Mjenzi_Moro

Wakuu, mrejesho. Tangi limeshauzwa, jirani hakusubiri. Nimenunua maboksi mawili, moja la mijusi watatu lenye udongo wa palepale walipotoka, moja la akiba. Mayai nimeyapanga kama alivyoelekeza NyokaSiAdui, kipimajoto kinasoma 28 usiku na 29.6 mchana. SUA nimeacha picha, wamesema watanipigia. Shida: yai moja lina ukungu wa kijani ubavuni. Mawili nimemulika, nimeona mishipa! Mwanangu wa kike amepiga kelele nyumba nzima. Hili la ukungu nilitupe?

Tabibu_Mifugo

Ukungu peke yake si hukumu. Likiwa bado limejaa, lifute taratibu kwa pamba kavu, lisogeze mbali na mengine bila kuligeuza, kisha ongeza hewa. Likiporomoka na kunuka, litoe.

Mpwani wa Kisauni

Pole kwa tangi. Mimi bado nasema watoto wako wangefurahi.

Fundi Boksi

Wameona mishipa kwenye yai, wakitaka nini tena?

Mkulima wa Kilosa

Chakula unawapa nini? Huku kumbikumbi wameanza kutoka, jana usiku taa ilijaa.

Mjenzi_Moro

Nawapa mchwa wa kwenye gogo. Kumbikumbi nimekusanya sufuria nzima, nilikuwa naogopa mabawa.

Babu Kenge

Wape baada ya kuyatoa mabawa, ila usijaze, wana mafuta mengi na hao hawafanyi mazoezi humo ndani. Wasiwe wa kutoka kwenye taa ya jirani anayepuliza dawa ya mbu. Watoto wakianguliwa usiwasaidie kutoka, mtu anaweza kukaa ndani ya ganda lililopasuka siku nzima akimalizia kiini. Wakitoka wahamishie boksi la akiba, watu wazima wanaweza kuwala. Chakula chao cha kwanza ni wale mchwa wadogo weupe.

Mkulima wa Kilosa

Mabawa ya kumbikumbi yanatoka haraka ukiwatumbukiza kwenye maji kisha ukawapepeta. Sisi tunawakaanga bila mafuta, chumvi kidogo.

Mama Vifaranga

Kuku wangu wanawasubiri tangu saa kumi na moja jioni.

Salehe wa Carolina

Mjenzi, kabla ya kuwarudisha hao watatu, jaribu kitu kimoja: lifunue gogo lao asubuhi na mapema uangalie kama yupo jike anayerudi palepale kila siku. Ukiona hivyo tuandikie hapa, ili hoja yangu na NyokaSiAdui tuimalize.

NyokaSiAdui

Afunue mara moja tu kwa siku, na aweke picha.